Medicare na bima ya nyongeza: amua mapema, miezi sita si mingi

Sisi tuliokuja Marekani miaka ya tisini tukaanza maisha kwa kuogesha wazee wa watu, sasa zamu ya kuogeshwa inatunyemelea wenyewe. Hapa Dallas, kila harusi na kila matanga siku hizi hapakosi meza ya wenye mvi wanaojadili Medicare, bima ya afya ya serikali kwa waliofikisha 65, na kila mmoja ana lake. Mimi nimeshavuka hiyo 65, na mzee wangu, yaani mume, alinitangulia kuivuka. Tunalala nyumba moja lakini tulichagua njia mbili tofauti, na juu ya hapo nimefanya kazi ya CNA, msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba za wazee kwa miaka mingi. Kwa hiyo haya nimeyaona kwa mbele na kwa nyuma.

Kwanza ufahamu kwamba Medicare yenyewe haikulipii kila kitu. Sehemu A ni ya kulazwa hospitali, na huilipii ada ya mwezi kama umefanya kazi ukakatwa kodi ya Medicare kwa robo 40, yaani miaka 10. Robo za mume au mke wako pia zinaweza kukubeba. Sehemu B ni ya madaktari na vipimo, na ada yake kwa wengi mwaka huu wa 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi. Ukishaanza kupokea Social Security, ile pensheni ya serikali, pesa hiyo hukatwa hukohuko kabla hujaiona.

Halafu yanakuja mapengo. Ukilazwa, unatoa kwanza dola 1,736 mfukoni mwako. Watu hudhani hiyo ni mara moja kwa mwaka. Sivyo. Ukitoka hospitali, ukakaa siku 60 mfululizo bila kulazwa, kisha ukarudi, unalipa upya. Kwa upande wa Sehemu B, ukimaliza kulipa dola 283 za mwanzo wa mwaka, Medicare hulipa asilimia 80 na wewe 20. Asilimia 20 ya kumuona daktari wa kawaida si kitu. Lakini matibabu ya saratani yakifika dola 100,000, fungu lako ni 20,000, na hakuna mahali serikali inasema basi, imetosha, huyu ameshalipa vya kutosha.

Mapengo haya watu huyaziba kwa njia mbili, na hapa ndipo meza za matanga huchanganya mambo.

Njia ya kwanza ni bima ya nyongeza, Medigap. Unabaki na Medicare ya serikali, kisha unanunua bima ya kampuni binafsi inayolipa kile ambacho Medicare imekuachia. Mipango yake ina majina ya herufi, na isipokuwa Massachusetts, Minnesota na Wisconsin, herufi hizo zimepangwa kisheria. G ya kampuni hii ni G ileile ya kampuni ile, inalipa vitu vilevile, kwa daktari yeyote nchini anayepokea Medicare. Kwa hiyo usikubali kuuziwa sifa za kampuni. Uliza mawili tu: bei ni ngapi leo, na imekuwa ikipandaje miaka iliyopita? Kuna kampuni zinazokuanzishia bei nafuu ukiwa na 65 kisha zinakupandishia kadiri umri unavyosogea, na kuna zinazotoza wazee wote bei moja. Tofauti hiyo huioni mwaka wa kwanza. Utaiona ukiwa na 78.

Ukimsikia shangazi akisifu F yake, mwache afurahi nayo, ila wewe hutaipata. Tangu Januari 1, 2020, waliofikia Medicare wapya hawauziwi C wala F. Kwetu sisi, G ndiyo inayoziba karibu kila kitu, ukibaki na zile dola 283 za mwaka. N ni nafuu kidogo kwa mwezi, ila unatoa hadi dola 20 ukimuona daktari na hadi dola 50 ukienda chumba cha dharura wasikulaze. Pia N hailipi ile nyongeza ya hadi asilimia 15 ambayo madaktari wengine huruhusiwa kutoza juu ya bei ya Medicare. Kama wewe si mtu wa kwenda hospitali kila wiki, N si mbaya hata kidogo.

Njia ya pili ni Medicare Advantage. Hapa unaikabidhi Medicare yako kwa kampuni, nayo ndiyo inayokuhudumia. Mara nyingi haina ada ya ziada, isipokuwa ile ya Sehemu B inaendelea kukatwa palepale. Wanakupa meno, miwani, dawa, hata uanachama wa jimu. Kijana mmoja wakala, tunasali naye, alikuja nyumbani kwa mwaliko wetu akafungua kompyuta yake juu ya meza ya jikoni, chai ikiwa bado inafuka.

"Mama, hii ni bure. Hulipi hata senti."

"Sawa, mwanangu. Na daktari wangu wa moyo yumo kwenye orodha yenu?"

Akaandika jina, akasogeza, akaandika tena kwa herufi nyingine. "Huyu hayumo, mama, lakini kuna wengine wazuri sana."

Mimi nikamwambia asante, nimkaribishe tena chai. Mzee akasaini. Yeye daktari wake alikuwemo, miguu ilikuwa ikimbeba vizuri, na hakuona sababu ya kulipa dola mia na ushei kila mwezi kwa ugonjwa ambao haujaja. Kwa hesabu za siku ile, alikuwa sahihi.

Sasa nieleze kilichotokea alipobadilishiwa goti. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari akataka aende kituo cha mazoezi ya viungo badala ya kuja nyumbani moja kwa moja, maana nyumba yetu ina ngazi. Kampuni ikasema itatazama kwanza. Akakaa kitandani akisubiri ruhusa, chakula cha hospitali kimemchosha, mimi niko kwenye simu nikisikiliza muziki wao. Ruhusa ikaja, akaenda. Kabla hajaweza kupanda hata ngazi tatu, ikaja barua: malipo yanakoma keshokutwa. Barua hiyo nilikuwa naifahamu, nimewaona wauguzi wakiwapelekea wazee mara nyingi, na wazee wakisaini bila kusoma kisha wakawapigia watoto wao waje wawachukue. Kusaini ni kukiri kwamba umeipokea tu, si kukubali. Juu yake kuna namba ya simu ya kukata rufaa kwa watu walio nje ya kampuni, na una hadi saa sita mchana ya siku iliyotangulia ile ya kukoma malipo. Tulipiga, tukaongezewa siku. Kama uko Advantage, jambo hilo moja likae kichwani mwako hata ukisahau mengine yote.

Wenye Medicare ya kawaida na G wanapitaje hapo? Wakishalazwa siku tatu, Medicare hulipa kituo kikamilifu siku 20 za kwanza. Kuanzia ya 21 hadi ya 100 kuna dola 217 kwa siku, na G inazilipa. Ila kuna mtego: unaweza kulala hospitali siku tatu na kumbe kwenye makaratasi hukulazwa, uko chini ya uangalizi tu, na siku hizo hazihesabiki. Muulize muuguzi waziwazi, "Mzee amelazwa au anaangaliwa?" Uliza siku ya kwanza, usingoje ya mwisho. Na baada ya siku 100, au ukihitaji mtu wa kukuogesha na kukulisha tu kwa miaka, hakuna G wala Advantage itakayokulipia chumba cha nyumba ya wazee. Nimeona familia zikilia ofisini kwa sababu ya kudhani vingine.

Mtu atasema, basi nianze na ile ya bure, nikiugua nitahamia G. Hapa ndipo sheria inapouma. Una miezi sita tu, inayoanza mwezi ambao umetimiza 65 na una Sehemu B, ambamo kampuni yoyote ya Medigap lazima ikupokee kwa bei ileile ya mtu mzima wa afya, uwe na kisukari, uwe na presha, uwe na figo moja. Ikipita, katika majimbo mengi, Texas ikiwemo, wanaweza kukuuliza maswali ya afya na kukukataa. New York na Connecticut wana huruma zaidi, huko mlango uko wazi mwaka mzima. Ukiingia Advantage mara tu ulipofikisha 65, una miezi 12 ya kujaribu, na ukirudi Medicare ya kawaida ndani ya muda huo unauziwa Medigap bila maswali. Wengi hawaambiwi hili. Ule msimu wa matangazo ya televisheni, Oktoba 15 hadi Desemba 7, unakuruhusu kuhama Advantage au mpango wa dawa. Haukupi haki ya kukubaliwa na Medigap.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu: usichague kwa mwili ulio nao leo. Chagulia mwili wa miaka 80. Kama pesa ya G inapatikana bila kukunyima chakula, ichukue katika ile miezi sita. Kama haipatikani, Advantage ina faida ambayo Medicare tupu haina: kikomo. Mwaka 2026 haiwezi kukutoza zaidi ya dola 9,250 kwa matibabu ya ndani ya orodha yao, na mipango mingi imeweka chini ya hapo. Kaa nayo, ila kila mwaka hakikisha madaktari wako bado wamo. Na kama kipato chako ni kidogo sana, kabla ya vyote omba Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, na mipango ya jimbo ya kusaidia wazee wa Medicare. Ukikubaliwa, wanaweza kukulipia hadi ada ya Sehemu B, na huenda Medigap usiihitaji tena.

Kwa wanaoendelea na kazi baada ya 65: kama mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi na bima yake iko hai, unaweza kuiacha Sehemu B isubiri. Ukiacha kazi una miezi minane ya kuichukua bila faini, na ile miezi sita ya Medigap huanza Sehemu B inapoanza. COBRA, yaani kuendeleza bima ya mwajiri kwa pesa yako baada ya kuacha kazi, haihesabiki kama bima ya kazini, na inawaponza wengi. Faini ya kuchelewa ni asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili, na unailipa maisha yako yote.

Dawa ni mpango wake, Sehemu D, na wenye G huununua kando. Mwaka huu ukishatoa dola 2,100 kwa dawa zilizo kwenye orodha ya mpango wako, hulipi zaidi hadi Januari. Chukua mpango hata kama hunywi dawa yoyote, kwa kuwa faini ya huku nayo haifutiki.

Wazazi tuliowaleta kwa grini kadi hali yao ni tofauti. Wakiwa na 65 na wameishi hapa miaka mitano mfululizo, wanaweza kununua Medicare, lakini bila zile robo, Sehemu A peke yake ni dola 565 kwa mwezi. Na ndugu zetu wa Kongo na Burundi walioingia kama wakimbizi, sikieni: sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imewaondoa kwenye Medicare wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawajapata grini kadi. Waliokuwemo tayari watapoteza Januari 2027. Mwenye makaratasi yaliyolala kwenye droo ayafuatilie sasa.

Ushauri wa bure upo, na hauna kamisheni. Kila jimbo lina ofisi ya washauri wa Medicare. Hapa Texas inaitwa HICAP. Ukipiga 1-800-MEDICARE, omba mkalimani wa Kiswahili na usubiri. Anayekupigia yeye bila kumwomba, akitaka namba ya ile kadi nyekundu, nyeupe na bluu, kata simu.

Kuhusu nyumbani. Medicare hailipi Mombasa wala Moshi. G na N zinalipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura nje ya nchi, baada ya wewe kutoa dola 250, mradi dharura imeanza ndani ya siku 60 za kwanza za safari, na jumla ya maisha isizidi dola 50,000. Ni dharura tu, si kupima sukari. Huko unalipa taslimu kwanza, kwa hiyo dai risiti yenye muhuri na ripoti ya daktari kabla hujatoka getini. Wanaokwenda Desemba na kurudi Aprili wanunue bima ya safari kwa miezi inayobaki. Ukiwa Advantage, kukaa nje ya eneo lao zaidi ya miezi sita kwa kawaida kunakuondoa kwenye mpango.

Anayerudi moja kwa moja, Sehemu A aiache ilivyo, haimgharimu. Sehemu B apige hesabu: akiiacha na siku moja akarudi kwa wajukuu, atajiandikisha kati ya Januari na Machi, na faini yake ikimsubiri. Kenya ajiandikishe SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kwa asiye na mshahara mchango ni asilimia 2.75 ya kipato cha nyumba, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja.