Visu vyenye majina makubwa: kipi kinastahili pesa zako?

Wiki hii nimeandikiwa na msichana wa Kisauni anayeanza kazi ya kupikia watu kwenye shughuli. "Assalaam aleikum dada," anasema, "mwezi huu zamu ya chama ni yangu. Kuna kisu cha Kijapani nimekiona, kina mawimbi mazuri kwenye bapa, na wapishi wote ninaowafuata wanacho. Wengine wananiambia nichukue cha Kijerumani, ati kitadumu mpaka nikirithishe. Pesa hizi zikiisha sina nyingine. Nifanyeje?"

Nilimjibu kwa maneno machache usiku uleule, lakini swali hili si lake peke yake. Nawajua wanaonisoma. Wengi wenu mmeanzia sambusa na mahamri ya oda, sasa mnataka harusi, mnataka kuitwa Nyali na Mtwapa, mnataka jina. Na anayetaka jina hutamani kwanza vyombo vya wenye majina. Kwa hiyo leo naandika kwa urefu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Visu maarufu vingi ni vizuri kweli, sifa zake hazikuzuliwa. Lakini bei inapopanda, ukali haupandi nayo kwa kiasi kilekile. Kuna mahali unaacha kulipia chuma, unaanza kulipia uzito, mapambo na jina. Kwa kazi zetu za Pwani, za samaki, ndimu, nazi na hewa ya chumvi, mahali hapo panafika mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Mimi visu vilinifunza kwa uchungu. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa katika jiko la hoteli moja ya Pwani ya Kaskazini, kumenya na kukata tu. Nilikwenda na kisu cha marehemu babu, kilichofuliwa na fundi wa jua kali kutokana na springi ya lori, mpini wake wa mti umekazwa kwa waya. Mpishi mkuu alikishika kwa vidole viwili, akakiinua wenzangu wote wakione, akasema kisu cha kuchunia mbuzi hakiingii jikoni kwake. Akakitupa kwenye ndoo ya maganda. Baada ya zamu nilikitoa, nikakiosha, nikarudi nacho nyumbani kwa matatu nimekifunga ndani ya leso. Yeye alikuwa na mkoba wa visu vya Kijerumani, kila kimoja na ala yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa.

Miaka imepita na maneno yale bado yananichoma, siwezi kusema uongo. Lakini kuna jambo jingine nililoliona jikoni mle na sijalisahau. Nilimtazama mtu yule akikata nyanya. Kisu kile cha fahari kiliteleza juu ya ganda, akakikandamiza, nyanya ikapasuka ikatema mbegu kabla haijakatika. Kisu cha babu kilikuwa kikizama kwenye nyanya kwa uzito wake tu, kwa sababu babu hakulala bila kukipitisha kwenye jiwe, nami nilishika desturi yake.

Tangu hapo nimevitafuta visu hivi vyenye majina nivijue mwenyewe. Vingine nimeazima, vingine nimeletewa zawadi, vingine nimevikuta kwenye majiko ya wateja wenye uwezo. Ninachosema hapa nimekishika.

Tuanze na Wajerumani, maana heshima yao ni ya haki. Mji wa Solingen unafua visu na panga tangu zama za kati, na jina lake linalindwa na sheria ya Ujerumani, haliruhusiwi kuandikwa kwenye kisu kisichotengenezwa huko. Kampuni ya Zwilling ipo hapo tangu 1731, ya Wüsthof tangu 1814. Kisu cha mpishi cha Wüsthof aina ya Classic kimefuliwa kwa kipande kimoja kutoka nchani hadi kwenye msuka, yaani ule mkia unaoingia mpinini, kwa chuma kiitwacho X50CrMoV15, chenye kaboni karibu asilimia 0.5 na kromiamu karibu asilimia 15. Ugumu wake kwa kipimo cha Rockwell ni 58.

Sasa sikilizeni vizuri. Victorinox, wale Waswisi wa Ibach walioanza 1884 na ambao dunia nzima inawajua kwa visu vya mfukoni, kisu chao cha jikoni chenye mpini mweusi wa plastiki uitwao Fibrox ni cha chuma cha jamii ileile. Ugumu wake ni 55 au 56. Hakikufuliwa, kimekatwa kutoka kwenye bamba, ndiyo maana ni chembamba na chepesi. Huko Marekani cha sentimita 20 kwa kawaida huuzwa kati ya dola 40 na 65, na Wüsthof Classic ya urefu huohuo hupita dola 150. Ongeza usafiri na ushuru mpaka kifike Mombasa, na pengo liko palepale.

Pengo hilo linanunua nini? Linanunua pointi mbili tatu za ugumu, yaani makali yanakaa muda zaidi kidogo kabla hujayarudia. Linanunua uzito, ambao wako wanaoupenda. Linanunua mpini mzuri wa misumari mitatu na ile shingo nene ya chuma kati ya bapa na mpini. Shingo hiyo, katika visu ambavyo inashuka mpaka kisiginoni, ni usumbufu kwa mtu anayenoa. Miaka ikipita bapa linaliwa na jiwe lakini shingo hailiwi, mwisho makali hayagusi kibao sawasawa na vipande vya kitunguu vinabaki vimeshikana kwa chini. Kwa mwenye jiko lake na pesa zake, Mjerumani anastahili bei yake. Kwa mwenye pesa za chama, hapana.

Na kwa nini nashikilia wembamba? Anayepika biriani anajua kwamba kazi yote inasimama juu ya vitunguu vya kukaanga. Kisu butu hakikati kitunguu, kinakiponda. Maji yanatoka, macho yanawasha chumba kizima, na ukivitia kwenye karai vinachemka kwanza badala ya kukaangika. Vipande visipolingana, vyembamba vinaungua na vinene bado vyeupe. Bapa jembamba lenye makali linapita kitunguu kimya kimya, kipande kinaanguka kikavu, na kibao hakilowi. Hivyo ndivyo vitunguu vinavyotoka karaini rangi moja, vikavu, vya kuvunjika kwa vidole.

Katika harusi moja tuliyopika Majengo nilikesha na magunia ya vitunguu na Victorinox yangu ya mpini mweusi. Kando yangu alikaa kijana wa hoteli aliyeletwa na bwana harusi, na visu vyake vya thamani vimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Usiku wa manane aliniomba nimwazime changu. Sikumwambia neno, nilimpa nikachukua kingine. Moyoni nilifurahi sana, na sioni haya kulisema. Nilimkumbuka yule wa ndoo ya maganda.

Tuje kwenye cha Kijapani, kilichomwingia moyoni msichana wa Kisauni. Mji wa Seki umefua panga kwa karne nyingi, na ndiko kwenye chimbuko la KAI, watengenezaji wa visu vya Shun. Visu vya namna hii vina kiini cha chuma kigumu, kwa mfano VG-10, chenye kaboni karibu asilimia 1 na ugumu wa 60 au 61. Mawimbi yale, ambayo wauzaji huyaita Damascus, ni matabaka ya chuma kilichofunika kiini pande zote mbili. Yanapendeza macho, lakini kinachokata ni ule mstari mwembamba wa kiini ulio chini kabisa, na huo hauna wimbi lolote. Anayelipia mawimbi analipia pambo. Sina neno na pambo, ila alijue.

Utamu wa kukata nacho siukanushi. Shemeji yangu baharia aliniletea kimoja kutoka Japani, kampuni siitaji. Jodari mbichi alikatika kwacho vipande vyenye uso unaong'aa kama kioo, hakuna unyuzi ulioraruka. Kwa minofu, kwa maembe, kwa kachumbari, sifa zake ni za kweli kabisa na bei yake naielewa.

Lakini kazi ya Mombasa si minofu mitupu. Ukitoka soko la samaki au Kongowea, nguru amekuja na mgongo wake, changu na kichwa chake, kuku na mifupa yake. Siku moja nilipokuwa nje mpwa wangu alikichukua kisu kile, akakitia kwenye mgongo wa nguru na kukipindisha kidogo kutafuta kiungo. Nilikipokea kimemeguka mahali pawili, mapengo madogo ambayo ukucha unayahisi kabla jicho halijayaona. Chuma kigumu kiasi hicho hakipindi, kinameguka, na pembe ya makali yake ni nyembamba, nyuzi 15 au 16 kila upande. Victorinox makali yangejikunja tu, ukayanyoosha kwa noleo, ile fimbo ya chuma, ukaendelea. Yale mapengo yalinila jioni nyingi juu ya jiwe, na bapa limepungua upana.

Cha babu bado ninacho, na ndicho ninachokatia migongo ya samaki mpaka leo. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha kushika makali na kinavumilia kishindo. Hakina kromiamu ya kuzuia kutu, kwa hiyo ukikatia ndimu au ukwaju kinageuka cheusi papo hapo, na ukikilaza na maji kinaamka na kutu. Nakifuta, nakipaka mafuta ya nazi, basi. Gharama yake mpya kwa fundi haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya Mjapani. Na msidhani chuma cha pua kimesalimika hapa kwetu. Chumvi inautoboa ule utando mwembamba unaokilinda. Kisu cha bei yoyote kikilala kwenye sinki lenye maji ya samaki, asubuhi kina madoa, na madoa yakiachwa yanachimba.

Sasa naomba mnisikilize kama dada yenu. Tunatumia pesa nyingi kwa vitu vya kuonekana na tunabania vitu vya kazi. Nimeona majiko yenye kisu cha thamani ya kodi ya nyumba na hayana jiwe la kunolea hata moja. Mteja haoni kisu chako. Mteja anaona kachumbari yake imekatwa sawasawa, anaona nguru hajachakaa, anaona chakula kimefika saa saba kama ulivyoahidi. Nunueni jiwe. Lenye namba 1000 linatosha kuanzia, la 3000 likiwezekana baadaye; namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi. Liloweke kama linahitaji kulowekwa, shika pembe moja bila kuyumba, pitisha upande huu mpaka uhisi kijimeno chembamba upande wa pili, kisha geuza. Jaribu kwenye nyanya. Kisu kikiteleza juu ya ganda, rudi kwenye jiwe. Mwenye subira ya kunoa kila wiki atamshinda mwenye kisu cha dola 200, na hili nitalirudia mpaka mchoke kunisikia.

Msimpe mnoa wa baiskeli kisu cha mpishi. Kwa panga na majembe nawaheshimu sana, ni watu wa kazi. Lakini gurudumu lile kavu linatoa cheche, na makali membamba hayawezi kustahimili joto hilo. Ukiona ukingo umegeuka samawati, ugumu umeondoka hapo, jiwe haliurudishi. Vilevile acheni kukatia juu ya sahani, kioo au marumaru ya jikoni. Kibao cha mbao au cha plastiki, hakuna kingine.

Halafu kuna bandia. Rafiki yangu aliuziwa mjini kisu chenye mawimbi yaliyochapwa juu kwa mashine, kwa bei ya kutia huruma, na muuzaji anaapa ni cha Kijapani. Ulizeni swali moja tu: kiini chake ni chuma gani? Anayeuza kisu cha kweli atakutajia jina au atakuonyesha limeandikwa. Anayejibu "ni Damascus" hajakujibu, na wewe rudisha pesa zako kwenye simu uondoke.

Kwa hiyo mwanangu wa Kisauni: Victorinox ya sentimita 20, jiwe la namba 1000, kisu cha fundi kwa mifupa, na pesa zitakazobaki ziende kwenye sufuria kubwa, maana hiyo ndiyo itakayokuzuia kukodi. Cha Kijapani kitakungoja mpaka upate mpwa anayesikia.

Umeniuliza pia mwishoni mwa ujumbe kama kuna shida ukitumia mkono wa kushoto. Kwa Victorinox na kwa Wajerumani hakuna, vimenolewa pande zote mbili sawa. Tahadhari iko kwa visu vya jadi vya Kijapani kama yanagiba, cha kukatia samaki mbichi, ambacho kimenolewa upande mmoja tu na cha kawaida ni cha mkono wa kulia. Cha kushoto kipo lakini bei yake huwa juu zaidi, na mara nyingi ni cha kuagiza. Uliza kabla hujatuma pesa.