Re: Hiki kidude cha Misri ni muhuri au nini?

Salaam mkuu. Umekwama kwenye kile kifaa cha udongo wa kuchoma ulichokiona makumbusho: kirefu, kimechongoka upande mmoja, upande wa pili ni bapa na una hieroglifi (maandishi ya picha ya Wamisri wa kale). Kibao kinasema ni cha kaburini, wewe unaona ni muhuri. Mimi nadhani ni koni ya mazishi, yaani koni ya udongo iliyopachikwa kwenye ukuta wa kaburi.

Anza na ule uso bapa. Muhuri huchongwa kinyume ili chapa yake isomeke. Koni ya mazishi ni kinyume chake: yenyewe ndiyo iliyopigwa chapa udongo ukiwa mbichi. Tazama ndege na watu waliochorwa. Kwa kawaida, wakitazama kulia maandishi yamekaa sawa, basi huenda hiyo ni koni.

Halafu angalia mwili. Mara nyingi umefinyangwa ovyo tu, wakati mwingine hata alama za vidole zipo. Hawakujisumbua kwa sababu ulizama ukutani juu ya mlango wa kaburi, ukabaki uso tu nje, safu kwa safu. Koni nyingi zinatoka Thebes, Luxor ya leo, hasa enzi ya Ufalme Mpya (takriban 1550–1070 KK).

Maandishi hutaja jina na vyeo vya marehemu. Usishangae kukuta chapa ileile kwenye makumbusho nyingine; koni za Montuemhat, mkuu wa Thebes karne ya 7 KK, zimetapakaa kila mahali.

Zilimaanisha nini? Wataalamu wanabishana: wengine husema vichwa vya boriti za paa, wengine mikate ya sadaka. Mimi naegemea boriti, kwa jinsi zilivyopangwa.

Piga picha nyingine, mwanga utokee ubavuni, uitupie hapa tujaribu kusoma jina.