Mlio wa njuga kwenye SLK 200 Kompressor: ni supachaja au ni cheni?

SWALI: Nimeonyeshwa Mercedes SLK 200 Kompressor ya mwaka 2006 hapa Nairobi. Ni otomatiki, ina kilomita 118,000 kwenye dashibodi, na ililetwa kutoka Japani miaka iliyopita. Ikiwashwa asubuhi inatoa mlio kama wa njuga mbele ya injini kwa sekunde mbili tatu, halafu inatulia. Muuzaji anasema hiyo ndiyo sauti ya Kompressor. Fundi wangu amezoea Toyota. Tuangalie nini kabla sijalipa?

JIBU: Hiyo si sauti ya Kompressor. Supachaja ya gari hili, ambayo Mercedes huiita Kompressor, ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini, na sauti yake ya kawaida ni mluzi unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Haina sababu ya kulia sekunde tatu asubuhi kisha ikanyamaza. Mlio unaoisha mara tu presha ya oili inapopanda, katika injini hii ya M271 ya lita 1.8, kwa kawaida hutoka kwenye cheni ya taimingi, inayounganisha krenki na kemshafti zinazofungua valvu, au kwenye gia za kemshafti hizo. Wanunuzi wengi huja wakiiogopa supachaja, ilhali kinachoziua injini hizi ni cheni. Kwa hiyo anzeni hapo.

Cheni ya M271 ni ya safu moja, nyembamba. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, maungio yake hulika na cheni hurefuka. Ikirefuka haikai tena sawasawa kwenye meno ya gia za kemshafti, nayo meno hulika upande mmoja hadi yanachongoka kama pezi la papa. Kuna na ubovu mwingine unaolia vivyo hivyo: ndani ya gia hizo, zinazobadilisha muda wa valvu, mna pini inayozifunga injini ikizimwa. Pini ikilika, gia hugongagonga mpaka oili ifike. Kwa sikio tu huwezi kutofautisha hayo mawili, na mwisho wa yote ni mmoja: cheni ikiruka meno, valvu hukutana na pistoni.

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, chomeka kompyuta ya kupimia, washa swichi bila kuwasha injini, na ulinganishe joto la maji na joto la hewa inayoingia. Gari lililolala usiku kucha lina namba hizo karibu sawa, tofauti ya nyuzi mbili au tatu. Maji yakiwa nyuzi 55 na hewa 22, mtu ameshaliwasha ili usisikie mlio. Washa, sikiliza, kisha tafuta misimbo ya hitilafu P0016 na P0017, inayosema krenki na kemshafti hazilingani. Tazama pia kama vipimo vya ndani vya kompyuta ya gari vimekamilika. Vyote vikiwa bado, misimbo imefutwa juzijuzi, na ukosefu wa taa ya injini kwenye dashibodi hauna maana yoyote.

Baada ya hapo fungueni kifuniko cha valvu. Ni kazi ya saa moja hadi mbili na haihitaji ujuzi wa Mercedes: koili nne, mabomba machache, boliti. Zungusheni krenki kwa mkono, upande inaozungukia kawaida tu, mpaka alama ya pulei ifike mahali pake, kisha mtazame kama alama za gia mbili za juu zimelingana nayo. Piga picha kila jino linaloonekana huku krenki ikizungushwa. Muuzaji akikataa kifuniko kisifunguliwe, mweke bei kana kwamba cheni imekwisha: cheni mpya, gia zote mbili, kikaza cheni, na reli za kuongozea zilizolika. Kubadilisha cheni peke yake na kuziacha gia zenye meno mabovu ni kuitupa cheni mpya. Halafu kumbusha fundi kwamba kikaza cheni cha injini hii husogea mbele kwa hatua na hakirudi. Akikitoa na kukirudisha vilevile bila kukiweka upya, kitaivuta cheni kupita kiasi.

Kifuniko kikiwa wazi, tazama rangi. Chuma cha kahawia hafifu ni sawa. Utando mweusi mzito kama lami unaonyesha oili iliyopitishwa muda, na hapo namba 118,000 uitilie shaka.

Sasa nendeni mbele ya injini, kwenye sumaku mbili za umeme zinazoongoza gia za kemshafti, kila moja na plagi yake. Chomoeni plagi zote mbili. Pakiwa na oili ndani, tatizo si sumaku tu. Oili hupanda ndani ya waya kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, inasafiri hadi kwenye plagi za sensa za oksijeni na mwishowe kwenye kompyuta ya injini yenyewe. Kwa hiyo fungueni pia plagi ya kompyuta. Ikiwa kavu, mnabadilisha sumaku na kuweka vipande vifupi vya waya vinavyouzwa kuzuia oili isipite, na mambo yameisha kwa pesa kidogo. Ikiwa na oili, hesabu waya za injini na pengine kompyuta. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa la kusikitisha kuliko yote kwenye gari hili, kwa kuwa huanza na spea ndogo ambayo hakuna aliyeijali.

Supachaja yenyewe ni ya aina ya Roots: rota mbili, gia zake, na oili yake kidogo isiyochanganyika na ya injini. Haina klachi, huzunguka muda wote injini ikiwaka, na kuna kilango kinachorudisha hewa nyuma usipoihitaji. Njia ya kuipima ni rahisi. Injini ikiwa baridi, toeni mkanda na kuzungusha pulei ya supachaja kwa mkono. Izunguke laini, bila kukwaruza, na isiyumbe ukiisukuma huku na huku. Kisha washeni injini bila mkanda kwa sekunde zisizozidi 30, maana mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji pia. Mlio ukipotea, umetoka kwenye kitu kinachozungushwa na mkanda. Ukibaki, mmerudi kwenye cheni. Mngurumo mzito unaopanda na mizunguko ni beringi za pua ya supachaja, yaani sehemu yake ya mbele yenye pulei. Mtetemo wa kugongagonga kwenye silensa (injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta) injini ikiwa ya moto, unaopungua ukikanyaga kidogo, aghalabu ni kiunganishi kilicho ndani ya pua hiyo. Oili inayovuja nyuma ya pulei, nyeusi na yenye harufu mbaya, ni sili yake. Utando mwembamba wa oili ndani ya mabomba ya hewa usikutishe, huo hutoka kwenye mfumo wa kupumulia wa injini, yaani mabomba yanayotoa mvuke wa oili ndani yake.

(Ukienda kutafuta spea yake, usiseme "kompresa". Utapewa ya AC.)

Mfumo huo wa kupumulia nao una mabomba ya mpira na plastiki yanayopasuka kwa joto, mahali pasipoonekana kirahisi. Dalili zake ni injini kutetemeka kwenye silensa na msimbo P0171. Kwenye kompyuta utaona marekebisho ya mafuta yamepanda zaidi ya asilimia 10 injini ikiwa kwenye silensa, kisha yanashuka ukishikilia mizunguko 2,500. Ufa ulio baada ya supachaja hufanya kinyume: hewa imeshahesabiwa kisha inatorokea nje, hivyo mafuta yanazidi, nguvu inapungua na ekzosi inakuwa na masizi.

Barabarani, fuatilia presha ya hewa ndani ya injini. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezima, Nairobi utasoma kilopaskali 82 hivi, si 101 kama Mombasa. Sensa haijaharibika, ni mwinuko wa mji. Kanyaga mafuta yote kwenye gia ya tatu kutoka mizunguko 2,500. Namba inatakiwa kupanda wazi kuvuka ile 82. Ikigota pale pale, supachaja haisukumi hewa, na mara nyingi kosa ni kilango kilichokwama wazi au bomba lililochomoka. Usitarajie pia nguvu farasi zote 163 zilizoandikwa. Turbo inaweza kuzunguka kasi zaidi kufidia hewa nyepesi, lakini supachaja imefungwa kwenye krenki kwa mkanda. Hewa ikiwa nyepesi, nayo inasukuma nyepesi.

Gia ni otomatiki ya hatua tano. Endesha taratibu kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, ukigusa mafuta kidogo tu. Gari likitetemeka kama linapita juu ya bati la mgongo, ni konveta (inayounganisha injini na gia boksi) au oili chakavu. Ingieni chini mtazame plagi kubwa ya umeme ubavuni mwa gia boksi. Mpira wake huvuja, na oili hupanda na waya hadi kwenye kompyuta ya gia, ujanja uleule wa sumaku. Msishangae kukosa kijiti cha kupimia oili, gari hili halina.

Paa lifungue na kulifunga mara tatu mfululizo. Ni kama sekunde 22 kila upande, na halitaondoka kama pazia la ndani ya buti halijafungwa. Likisimama katikati, tafuta silinda ya haidroliki inayovuja, swichi ndogo mbovu, au waya uliokatika kwenye bawaba za buti. Kisha inua mazulia na uguse kwa kiganja kama kuna unyevu.

Kwenye namba ya chesisi, SLK 200 ya nguvu 163 ina 171442, na tarakimu inayofuata ni 2 kwa usukani wa kulia. Omba cheti cha usafirishaji cha Japani, kwa kuwa huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko, na uvute rekodi ya gari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kabla ya kutoa hata amana. Kumbuka Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Ukilikataa hili, lingine la umri huo utalipata humu humu nchini tu, na huenda waliotangulia kulimiliki wakawa wengi zaidi.

Ukilinunua, wiki ya kwanza mwaga oili: lita 5.5 za kiwango cha Mercedes 229.5, na chujio jipya, kisha kila kilomita 10,000 bila kungoja dashibodi ikukumbushe.