Wageni na parachichi za Rungwe

Kaka, unataka wageni wote waliowekeza kwenye parachichi wafukuzwe wilayani Rungwe, Mbeya, kwa kuwa ni wanyonyaji. Sikubali kabisa. Parachichi likishachumwa halisubiri: linataka chumba cha baridi na kontena la baridi hadi bandarini, na mtaji huo wakulima wengi wa huko Tukuyu hawana. Mwekezaji makini akitukanwa anahamia kwingine, tunabaki na dalali anayejipangia bei shambani. Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini mwaka 1972. Viwanda vikadorora, na baadaye serikali ikalazimika kuwarudishia mali zao. Hofu ya ardhi naielewa, ila Sheria yetu ya Ardhi ya 1999, hapa Tanzania, inamruhusu mgeni kuipata kwa uwekezaji tu. Kama kuna mkataba mbovu kwenu, udaini kwenye mkutano wa kijiji, usomwe kifungu kwa kifungu.