Kabla hujafunga spika, kaa usikilize

Ukipewa eneo la wazi uliwekee kazi ya sanaa ya sauti, acha spika stoo kwanza. Kaa pale alfajiri, saa 7 mchana, jioni na usiku, kila mara dakika 15. Pima desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti), andika unachosikia: jenereta, bodaboda, adhana, watoto wanaotoka shule. Sauti yako itakaa humo humo, haiwezi kuzifuta kelele hizo.

Max Neuhaus, msanii wa sauti wa Marekani, aliweka kazi ya namna hiyo Times Square, New York, mwaka 1977. Alificha vifaa chini ya wavu wa chuma wa tundu la hewa la reli ya chini ya ardhi, akapatanisha sauti na mwangwi wa chumba kilicho chini ya wavu huo. Ni mvumo mzito, kama kengele kubwa inayofifia, usiku na mchana. Hakuweka kibao. Wengi hupita wakidhani ni mashine; anayesimama huanza kuyasikia hata magari kwa sikio jingine. Ilizimwa 1992, ikarudishwa 2002, na nguvu yake haitokani na ukubwa wa sauti.

Wageni wa kazi hii hukimbilia kuongeza sauti. Anza na desibeli 3 tu juu ya kelele za kawaida za pale. Hewani, kila umbali ukizidi maradufu, spika moja hushuka karibu desibeli 6, hivyo spika moja kubwa humtesa aliye karibu wala haimfikii wa mbali. Bora ndogo sita. Ila sauti huenda mita 34 kwa sehemu ya kumi ya sekunde: spika zikiachana hivyo, neno moja husikika mara mbili. Mvumo hauna tatizo. Maneno na ngoma huharibika. Waya nao uning'inie chini ya tundu la boksi la vifaa kabla ya kuingia, maji ya mvua yadondokee nje.

Halafu kuna muuza kahawa wa pale pale. Mpita njia husikia kwa dakika mbili, yeye kwa muda wa saa sita. Rekodi ya dakika 10 itamrudia mara 36, na huo ni ukatili. Tumia rekodi tatu, za dakika 7, 11 na 13, zicheze kwa pamoja, kila moja ikijirudia kivyake: mpangilio ule ule hautarudi hadi dakika 1,001 zipite. Baada ya wiki mwulize anaonaje, na mwachie namba ya mtu anayeweza kuizima.