Mtoto anachefukwa na chakula kigumu: je, ni kimeo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi 10. Anakunywa uji wa lishe uliochujwa na viazi vilivyosagwa kwa blenda, lakini nikimpa wali, hata punje mbili, anachefukwa na kutapika. Kwenye kadi ya kliniki uzito unapanda, ila taratibu. Mama mkwe anasema ni kimeo kirefu na ameshampata wa kukikata. Jirani anataka nimbane pua nimnyweshe. Nifanyeje? (Mama wa Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mama. Kimeo hakihusiki, na nakuomba usimpeleke mtoto huko hata kama siku imeshapangwa.

Mtoto wa miezi 6 huchefukwa chakula kikigusa hata katikati ya ulimi, na hiyo ni kinga ya njia ya hewa. Kadiri anavyozoeshwa vyakula vyenye mabonge, sehemu inayoamsha kichefuchefu husogea nyuma kuelekea kooni. Wako amebaki kwenye vilivyochujwa, hivyo ulimi wake unajua kusukuma uji nyuma tu, wala haujajifunza kupeleka kipande pembeni kikatafunwe.

Kimeo kipo kwenye ukingo wa kaakaa laini na hakina kazi yoyote katika kutafuna. Koo likivimba kwa mafua, nacho huvimba. Mkataji akimulika tochi, mzazi anakiona kikining'inia na kuamini kila anachoambiwa. Kikohozi ambacho kingeisha chenyewe kikiisha, sifa anapewa mwenye kisu, na ndiyo maana biashara hii haifi. Sisi hospitalini tunaletewa wale waliotoka damu hadi wakahitaji kuongezewa, au waliopata uambukizo kwa sababu kisu hicho kilitoka kwenye kinywa cha mtoto mwingine. Isitoshe, mtoto ambaye tayari anaogopa chakula, akishakamatwa na kukatwa kooni, hata ule uji anaweza kuukataa.

Ushauri wa jirani nao ni wa hatari. Mtoto aliyebanwa pua hana budi kuvuta hewa kwa mdomo uliojaa uji, na uji ukiingia mapafuni huleta nimonia.

Anza kwa kuacha kuchuja, kisha uongeze uzito wa uji kidogo kidogo, hadi ufike kwenye ugali laini uliopondwa kwa uma pamoja na karanga zilizosagwa (karanga nzima bado, zinapalia). Mkalishe wima, miguu ikanyage kitu, umpe ashike mwenyewe kipande cha papai bivu au kiazi kitamu kilichoiva vizuri. Ukimsaidia, kiweke pembeni kwenye magego, kamwe si katikati ya ulimi. Akigeuza uso, acha. Mlo usizidi nusu saa, na asinywe uji kutwa nzima, maana hatapata njaa.

Omba rufaa ya kliniki ya watoto katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kwa kuwa uzito unaopanda taratibu unahitaji kuangaliwa na damu yake ipimwe. Nenda na kadi, kijiko na chakula chake, na ikiwezekana uende na mama mkwe, kwa sababu tunamwelewa mtoto vizuri zaidi tukimwona akilishwa na watu wake, nao wakiona tunachokiona. Usisubiri zamu ya kliniki ikiwa anakohoa au sauti inakoroma kila anapomeza, chakula kinatokea puani, amepata nimonia zaidi ya mara moja, au uzito umeanza kushuka.

Wazazi wengine mnaosoma haya, yanayouzwa kwa jina la tiba ya mtoto asiyekula ni mengi. Yanayoitwa meno ya plastiki ni meno halisi ambayo hayajaota, na kuyachimbua ni kumjeruhi mtoto. Dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula, inayonunuliwa bila cheti, mara nyingi ni dawa ya mzio inayomfanya asinzie. Haimfundishi kutafuna, na mtoto aliyesinzia akilishwa hupaliwa kirahisi zaidi.