Mgonjwa wa kisukari akikataa chakula cha wodi

SWALI: Mgonjwa wangu anachomwa insulini lakini chakula cha hospitali hataki, anasubiri cha nyumbani, na saa ya kufika haijulikani. Nimlazimishe?
Muuguzi

JIBU: Hapana. Mtu mwenye akili timamu, akishaelezwa madhara, ana haki ya kukataa. Shughuli yako kubwa ni sindano. Insulini ya haraka ya mlo isubiri mpaka chakula kiwe mbele yake. Ukichoma saa sita na chakula kikaja saa nane, sukari inaweza kuporomoka hapo katikati. Ile ya muda mrefu ni habari nyingine: usiiruke bila kumuuliza daktari, hasa kwa kisukari aina ya 1, maana damu inaweza kujaa asidi hata kama hajala.

Sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L na anameza vizuri, mpe gramu 15 za glukosi, kisha pima tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asipewe chochote mdomoni. Mwite daktari mara moja.

Ndugu nao wapangieni saa ya kuleta chakula. Kwenye faili andika alichokataa, ulichomweleza na daktari uliyemjulisha. “Amekataa kula” tupu haimsaidii mwenzako wa zamu ya usiku.